Mpakiaji Aliyeangushwa na Mkeka

Kataeni. Nawaruhusu. Mtu yeyote humu ndani asiyeamini nitakachosema akatae sasa hivi, tena kwa sauti, ili baadaye nimtafute pale nje nimcheke vizuri. Nimeona mwanaume anayepanda ubao wa lori na gunia la viazi mgongoni, mara ishirini kabla ya chai, akaangushwa na mkeka. Si mkeka wenye mtu juu yake. Mkeka mtupu, umetandikwa sakafuni, umetulia, haujamsukuma mtu. Ukamwangusha, na hakuinuka mpaka alipoinuliwa na watu wanne.

Mzee wa kanisa pale mbele anatikisa kichwa. Tikisa, mzee wangu, kichwa ni chako.

Mchungaji ameshatusomea neno na ameshalieleza kwa lugha ya chuo, mpaka wengine hapa walifumba macho kwa utamu wake. Mimi na shule tuliachana darasa la sita, kwa amani, hakuna aliyemdai mwenzake. Kwa hiyo nimepewa mfano tu. Amesema dakika kumi. Hakusema dakika za nani.

Basi. Kulikuwa na wapakiaji wawili katika soko moja la viazi, huku huku kwenye baridi yetu. Wa kwanza tumwite mkubwa: alikuwa na miaka arobaini na kitu, mke, nyumba ya bati, na mgongo mpana kama mlango wa ghala. Wa pili tumwite mdogo. Huyu mdogo, jamani, sijui nianzie wapi. Meno meupe. Kifua hiki hapa. Akitembea sokoni na gunia begani, mama ntilie wanaunguza maharage. Simsifii mtu, naeleza tu. Kwaya, acheni kunong'ona huko, sijataja jina.

Leo tuna wageni kutoka mjini, kwa hiyo niwaeleze kazi yenyewe. Gunia la kipimo ni debe sita, linashonwa mdomo, basi. Lakini mnunuzi akija hataki kipimo, anataka lumbesa. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha badala ya kulishona unalifumia wavu wa kamba juu yake, unaendelea kupanga viazi mpaka gunia linavaa kilemba. Serikali imeipiga marufuku. Na sisi tumeipiga marufuku, kwa mdomo. Kwa mgongo tunaibeba kila siku.

Halafu kuna sheria nyingine pale sokoni ambayo haijaandikwa popote. Ukishainama kutwishwa, wenzako wawili wanakuwekea gunia, na mmoja anauliza: "Ongeza?" Yaani, tukuwekee na kiroba kingine juu? Jibu la mwanaume ni moja: "Ongeza!" Hata kama macho yanatoka. Hata kama magoti yanasalimiana. Kuna neno lingine, neno dogo tu, "Tosha," lakini sijawahi kusikia mpakiaji akilitamka. Ukilitamka ndilo linakuwa jina lako. Utaitwa Tosha mpaka msimu uishe, watoto watakuita Tosha, na mkeo ataulizwa dukani, "Tosha hajambo?"

Sasa mwaka huo migongo ikagoma. Msimu ulikuwa mzuri mno, malori yanapangana mpaka barabarani, na wapakiaji wakaanza kutembea kama watu wanaotafuta sindano chini. Yule mkubwa, akitaka kuvaa kiatu, anamwita mke wake. Akipiga chafya anashika ukuta kwanza.

Pale kanisani kwao kulikuwa na mama mmoja mstaafu, aliyefanya kazi hospitali miaka thelathini kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Alipowaona wanavyotembea, akaomba ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni malori yakishaondoka. Akasema atawafundisha yoga ya watu wenye migongo mibovu. Mje na mikeka yenu.

Yoga! Kanisa zima likawaka. Bibi mmoja akasimama, akasema, "Mama, hiyo si ndiyo ya kuabudu miungu ya watu?"

Mama akamjibu, "Bibi, mimi nitawaambia mvute pumzi na mtoe pumzi. Kama pumzi ni ya shetani, wewe usivute."

Bibi akafikiri kidogo. Alhamisi alikuwa wa kwanza mlangoni, mkeka kwapani.

Siku hiyo ya kwanza walifika wapakiaji kumi na mmoja, na bibi yule wa kumi na mbili. Mama akawauliza, "Lumbesa ni debe ngapi?"

"Nane, mama. Tisa, kama mnunuzi ana roho mbaya."

"Na zile mbili tatu za kuongeza zinakaa wapi?"

"Juu, mama. Kwenye kilemba."

"Hapana. Zinakaa hapa." Akajishika kiunoni, pale chini kabisa ya uti wa mgongo. "Sasa humu ndani hakuna lumbesa. Mgongo unaouma haunyoshwi kwa hasira. Kila mtu ana kipimo chake, na kipimo chenyewe hakikai pale pale, cha asubuhi si cha jioni. Ukiinama, inama kutoka kwenye nyonga, na magoti yakunjwe. Ukisikia unavutika, sawa, kaa hapo, pumua. Ukisikia unachomwa, umepita. Na mchomo ukishuka kwenye tako ukaingia mguuni, usiongeze hata unywele mmoja. Legea, lala chali, kunja magoti, niite. Anayebana pumzi ameshapita kipimo bila kujua. Na mkifika mwisho wenu, mtasema neno moja tu ili nijue: tosha."

Ndugu zangu! Wapakiaji kumi na mmoja waambiwe waseme tosha! Heri angewaambia waje na magauni.

Bibi peke yake akasema, "Tosha," na alikuwa hajaanza hata kuinama.

Mama akapita mkeka kwa mkeka. Huyu alimwekea tofali la kuchoma aegemeze mikono asifike chini, yule mawili. Alipofika kwa yule mkubwa akamtazama anavyosimama, akamwekea matatu, akakunja blanketi la kuweka chini ya magoti akilala. Alipofika kwa mdogo, mdogo alikuwa tayari ameinama, magoti yamenyooka kama mihimili, viganja vyote viwili vimelala sakafuni. Viganja, si vidole! Wenzake wakapiga mluzi. Mtu mmoja akasema, "Dogo hana mifupa!"

Sasa hapo ndipo wivu ulipoingia ukumbini, ukavua viatu na kukaa.

Umewahi kumwona mtu anaona wivu akiwa kichwa chini? Mimi nimeona. Mkubwa ameinama, mikono kwenye matofali yake matatu, damu yote imekuja usoni, na bado jicho linapita katikati ya miguu yake mwenyewe kumtafuta mwenzake. Mama anasema vuta pumzi, yeye anahesabu matofali ya jirani. Mama anasema fumba macho, yeye anafumba moja.

Wiki ya pili akasema, "Mama, punguza tofali moja."

"Kwa nini? Mgongo ndio umeomba?"

"Yule dogo hana hata moja."

"Yule dogo ana mgongo wake."

"Na mimi ninao."

"Ndio huo ninaouzungumzia. Kunja magoti, baba."

Mnacheka. Ninyi mnacheka, lakini mtu mzima akiambiwa kunja magoti mbele ya vijana aliowafundisha kazi, si jambo dogo. Huyu mkubwa ndiye aliyemwonyesha yule mdogo jinsi ya kupanda ubao: kidole gumba cha mguu kwanza, usitazame chini, usitazame lori, tazama pale unapotaka kuliweka. Alimtoa kijiweni akampa ngata yake ya zamani ya kuwekea gunia begani. Leo mwanafunzi analala sakafuni kama paka, na mwalimu anapangiwa matofali kama jiko.

Na mke wake huyo! Mwanamke mwema, kila jioni anamsubiri mlangoni pa ukumbi na chupa ya maji ya moto, ameifunga kwa khanga, ya kumkanda mumewe kiunoni kabla ya kutembea. Siku moja akachungulia ndani, akasema tu, bila ubaya, kama mtu anayesema mvua imekatika: "Baba, mbona yule dogo anafika chini?"

Wanawake, mnisamehe. Najua mnasema tu. Lakini kuna maneno mwanamke anayasema tu, na mwanaume anakwenda nayo kitandani, anaamka nayo na kunywa nayo uji. Mkubwa akainama pale pale mlangoni. Alifunga kamba ya kiatu mwenyewe siku hiyo. Ilimchukua muda wa wimbo wenye beti nne.

Halafu likaja lile lililommaliza. Kanisani kwao, kama hapa kwetu, Jumapili ya mavuno lipo gunia la shukrani. Mnaliona lile pale mlangoni? Kama lile. Gunia la kwanza la msimu, linabebwa na mtu mmoja kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, katikati ya njia, watu wamesimama, kwaya inaimba, na mbebaji haruhusiwi kulishika kwa mkono. Mikono chini. Gunia linakaa mgongoni kwa heshima tu. Mkubwa alikuwa amelibeba miaka saba mfululizo. Wanawe walizaliwa wakimkuta ndiye. Lakini mwaka huo mzee mmoja wa kanisa alimwona akishika ukuta kabla ya kupiga chafya, akasema kwenye kikao, "Labda safari hii tumpe yule dogo."

Labda. Neno "labda" linafika sokoni kabla ya mtu aliyelisema.

Sasa niwaulize. Alikuwa na nini cha kumwonea wivu yule mdogo? Mdogo alikuwa na chumba cha kupanga, godoro, na ndala zisizofanana. Mkubwa alikuwa na mke, wana, jina na nyumba. Lakini wivu haupigi hodi kwa maskini tu. Ukishakuingia, unaziona mali zako zote kama viazi vilivyooza, na kiazi kimoja cha mwenzako kinang'aa kama taa.

Ikafika Alhamisi kabla ya mavuno. Ukumbi umejaa. Mama ametoka nje kidogo kumshika mkono bibi yule apande ngazi. Na mkubwa, akiwa ameinama, akayasukuma matofali yake kwa mguu. La kwanza. La pili. La tatu. Akanyoosha magoti. Akashuka kidogo, akasimama hapo. Uso ulibadilika rangi. Wakasemezana kidogo na yule mdogo wa mkeka wa pili, mambo ya wanaume, tuyaache. Halafu akabana pumzi, akajitwisha lumbesa. Hakuna aliyemtwisha! Mwenyewe aliuliza ongeza, mwenyewe akajibu ongeza, akajisukuma chini kwa nguvu zote za mtu anayepakia lori.

Viganja viligusa sakafu. Nasema kweli, viligusa. Kisha ikatoka sauti ambayo mimi nilidhani ni ya tawi linalovunjika. Akaanguka juu ya mkeka wake kwa ubavu, mguu wa kushoto unaruka wenyewe.

Mama akaingia mbio. Akapiga magoti, akamlaza, akaweka blanketi lile chini ya magoti yake. "Unausikia mguu?"

"Kama si wangu."

"Nani ameondoa matofali?"

"Mimi."

"Na nani amekuambia uendelee wakati panachoma?"

Mkubwa akatazama dari.

Wanne walimbeba kwa mkeka ule ule mpaka kwenye gari. Hospitali walimweleza kwa picha na kalamu: pale chini kuna kitu kama mto mdogo kati ya mfupa na mfupa, umetoka mahali pake, umekandamiza mshipa wa mguu. Alilala wiki nyingi. Alijifunza kutembea upya, kwanza mpaka mlangoni, kisha mpaka chooni, kisha mpaka njiani. Anatembea, Mungu ni mwema. Ila gunia hatabeba tena. Sasa anakaa sokoni kwenye kigoda pamoja na akina mama, ana sindano ndefu na uzi wa katani, anashona midomo ya magunia. Na pale sokoni wamempa jina. Mnajua jina gani? Tosha. Mtu pekee ambaye hakuwahi kulisema neno hilo hata siku moja, ndiye aliyevishwa.

Na yule bibi? Yule aliyesema tosha kabla hajainama? Ameendelea Jumanne na Alhamisi, kidogo kidogo, matofali mawili, kisha moja na nusu, maana alitafuta tofali lililovunjika. Msimu huu amelima matuta yake mwenyewe. Juzi alinipita njiani na kuni kichwani, akaniuliza, "Mwanangu, mbona unatembea kama mzee?"

Sasa sisi. Msijifiche nyuma ya nguzo, nawaona. Nani kati yetu hana jicho linalopita katikati ya miguu yake kutazama mkeka wa jirani? Wewe mama uliyeezeka nyumba kwa mkopo kwa sababu mwenzako wa jumuiya ameezeka kwa bati la rangi. Wewe wa kwaya unayepanda sauti isiyo yako mpaka shingo inatoa kamba, kwa sababu fulani alipewa ubeti wa kuimba peke yake. Wewe mzee wangu unayetikisa kichwa, unayefunga kwa siku tatu na vidonda vya tumbo, ili tu usipitwe na mzee mwenzako anayefunga saba. Mungu alikuwekea matofali matatu, umeyapiga teke. Alikukunjia blanketi, umeona aibu kulilalia.

Wivu ni lumbesa, ndugu zangu. Unabeba gunia lako, halafu juu yake unafuma wavu na kupanga la mwenzako. Na anayeumia si yule mwenye gunia zuri. Yeye hata hajui. Anayeumia ni kiuno chako. Mama alisema: ukibana pumzi umeshapita kipimo. Basi pima hapo. Unapolitaja jina la mwenzako aliyefanikiwa, unapumua, au umebana?

Jifunzeni neno lile dogo. Si neno la waliochoka. Ni neno la mtu anayejua debe zake sita na anazishona mdomo kwa shukrani. Amina? Amina. Mfano wangu umeishia hapo. Asanteni.

Hapana, Mchungaji, subiri. Usisimame. Nilikuwa naenda kukaa, nimefika mpaka kwenye benchi, lakini siwezi kukaa. Na si kwa ajili ya roho tu. Kukaa kwenyewe siwezi.

Mmeshajua yule mdogo ni nani. Mlijua tangu kwenye meno. Na mnamjua mkubwa, amekaa benchi la mwisho kule, ameweka blanketi nyuma ya kiuno, na mke wake yuko pembeni yake. Kaka Obedi Mligo. Shikamoo, kaka. Nimekueleza humu kama mtu mwenye wivu, na watu wamecheka, na wewe umetazama dari kama siku ile. Sehemu niliyosema tuiache, ile ya mambo ya wanaume, siwezi kuiacha.

Alipopiga teke lile tofali la tatu na kushuka na kusimama, aliniuliza. Sauti ya chini kabisa. Alisema, "Dogo, hapa panachoma mpaka unyayoni. Na wewe panakuchoma?"

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Panachoma tangu mwezi wa nne wa mwaka ule. Kila nilipoweka viganja vile sakafuni, na ninyi mkapiga mluzi, moto ulikuwa unashuka mguuni, na nilikuwa natabasamu ili usionekane. Mama alijua. Yuko pale kwenye kiti cha tatu, mwulizeni. Alishaniambia faraghani, "Wewe meno yanacheka, shingo inalia. Chukua matofali." Nikamwambia ni ya wazee.

Kwa hiyo kaka aliponiuliza, nilikuwa na neno la kumponya mdomoni mwangu. Nilimwambia hivi: "Kaka, ikichoma ndiyo inafunguka. Ongeza."

Ongeza. Aliyemtwisha ni mimi. Niliposema hakuna aliyemtwisha, niliwadanganya, tena nimesimama hapa.

Mnataka kujua kwa nini? Nilifundishwa kazi na yeye, nilivaa ngata yake, nilikula kwake Krismasi mbili. Kwa nini? Ni kwa ajili ya blanketi. Mama alikuwa analikunja vizuri, mara nne, analiweka chini ya magoti yake na kulipigapiga kama anayelaza mtoto. Ni kwa ajili ya ile chupa ya maji ya moto mlangoni. Mimi nikitoka mle ukumbini na moto wangu mguuni, ninakwenda kwenye chumba kisicho na mtu wa kuniuliza umeshindaje. Niliona mtu anaumwa vizuri kuliko mimi. Nikamwonea wivu maumivu yake, yenye mtu wa kuyakanda. Na nililitaka gunia lile.

Mama alipouliza nani amekuambia, kaka alinitazama mimi kwanza. Ninyi hamkuona, mimi niliona. Ndipo akatazama dari. Mwaka mzima ametazama dari kwa ajili yangu. Hata mke wake hajui, namwona sasa hivi anavyomgeukia. Dada, ni kweli. Yule dogo hakuwa anafika chini bure.

Na aliporudi sokoni na fimbo, akakaa kwenye kigoda, kuna mtu wa kwanza aliyepaza sauti kutoka juu ya lori akasema, "Tosha amerudi!" Mlicheka wote. Sauti ilikuwa yangu.

Gunia lile pale mlangoni lina debe sita, kipimo, halina kilemba. Limeshonwa na mkono wake, uzi ule naufahamu. Mimi ndiye niliyepangiwa kulibeba leo kwaya ikianza, mikono chini, kama alivyokuwa akilibeba yeye. Usiku na mchana wiki nzima nimejisifu. Wazee, wekeni mtu mwingine, au mlifungue tubebe kila mtu kiazi chake. Mguu wangu wa kushoto siusikii tangu asubuhi.

Kaka Obedi, lile jina nilikuvisha wewe, lakini ni langu. Nirudishie mbele ya watu hawa.

Tosha.